Nilijua kuku wanakufa kwa joto, nikanyamaza kwa heshima ya mama mkwe

Wakuu, poleni na jua.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote napita kwenye nyuzi za ufugaji, nacheka na vituko vyenu, natoka kimya kimya. Leo naandika kwa sababu nimechoka kulibeba hili jambo, na kwa sababu joto limeanza tena na naona kila siku mtu anauliza "kuku wangu wanahema sana, niwape dawa gani?"

Sitaongeza chumvi. Palipo na kosa langu nitasema ni langu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, hatutagombana.

Nimezaliwa Makanya, huku chini barabarani. Aliyewahi kushuka kwenye basi pale saa nane mchana anajua nazungumzia nini. Nimeolewa na mtu wa Chome, kule juu milimani kwenye ukungu, ambako mwezi wa saba watu wanaota moto asubuhi na jioni. Tunaishi pembezoni mwa Same mjini. Mume wangu ni fundi wa kupaua nyumba, wiki hii yuko Mwanga, wiki ijayo yuko Hedaru, nyumbani anarudi kazi ikiisha.

Mama mkwe alishuka kuja kukaa na sisi baada ya magoti kumkatalia kupanda na kushuka ile milima. Ni mama mzuri, hilo naomba mliweke akilini. Wale mnaosubiri stori ya mama mkwe mchawi, mtasubiri sana.

Sasa kule Chome, mama alikuwa ndiye daktari wa kuku wa ukoo mzima.

Kuku wa mlimani adui yake ni baridi. Mama alijua kuziba banda mpaka upepo unakosa pa kupita. Alijua kuweka jiko la mkaa bila kuunguza kitu. Na kuku akianza kukoroma kifua, alijua kumfukiza.

Ndiyo wakuu, kumfukiza, kama sisi tunavyojifukiza tukiwa na mafua. Majani ya mkaratusi yanachemshwa kwenye sufuria, sufuria inaingizwa bandani, banda linafungwa, mvuke unafanya kazi yake. Na ilikuwa inasaidia. Watu walikuwa wanampigia simu kutoka Vudee kuuliza wafukize kwa muda gani.

Tulianza na vifaranga mia na ishirini wa mayai, mwezi wa saba. Mnaojua Same mnajua mwezi huo kuna upepo na jioni kuna kibaridi. Mama akashika usukani. Maturubai, magunia, jiko, kila kitu kwa saa yake. Walikufa wawili tu. Majirani wenye vifaranga wa siku ileile walipoteza wengi, wakawa wanakuja kuchungulia kwetu.

Kwa hiyo kwenye suala la kuku, neno la mama lilikuwa limeshapita.

Hata banda mume wangu alilijenga kwa maelekezo yake. Paa la bati limeinamishwa chini ili joto lisitoroke, ukuta wa matofali umepanda mpaka kifuani, wavu mwembamba juu yake, na maturubai ya kushusha pande zote mbili. Ule upande mrefu unatazama jua la alasiri. Mtu anayepaua nyumba za watu vizuri namna ile, banda la mke wake akalipaua kama yuko kwao Chome.

Niliona. Sikusema. Hapo ni mara ya kwanza, mhesabu wenyewe zitakazofuata.

Niseme kwa nini wale kuku walikuwa na maana kubwa kwangu.

Kabla ya hapo nilikuwa napika kwenye shule moja, kazi ikaisha. Nikakaa nyumbani miaka mitatu. Mtu akibisha hodi anamuulizia baba au anamuulizia mama, mimi ni wa kuleta kiti. Kuku walipoanza kutaga, wanawake wakawa wanasimama getini wanaita "mama Neema, mayai yapo?" Ni kitu kidogo, lakini aliyekaa bila kuulizwa ataelewa. Mume wangu akasema wakimaliza mwaka wao wa kwanza salama, atanijengea banda kubwa na hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu, nisihangaike tena na majiko ya watu.

Mwaka wa kwanza tu. Ndicho nilichokuwa nakiomba.

Mvua za vuli zilinyesha siku chache zikakata. Mwezi wa kwanza jua likashuka kweli kweli.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni chakula kubaki. Halafu maji yakawa yanaisha upesi. Halafu mayai yakaanza kuwa na ganda laini, unalishika linabonyea, mengine yanatoka hayana ganda kabisa. Ikifika saa sita mchana kuku wote midomo wazi, wanatweta, mbawa wamezitenga na mwili, wanafukua maranda walale kwenye sakafu yenye ubaridi. Wengine wanajibanza ukutani na kufumba macho.

Wakuu, mimi kuku anayetweta namjua tangu mtoto. Makanya kuku wa baba yangu mchana walikuwa wanaacha kila kitu wanakwenda kulala chini ya mkwaju, midomo wazi, jua likipoa wanarudi kuparua. Hakuna aliyewahi kusema wanaumwa. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na pa kwenda, hawa wangu tumewafungia chini ya bati.

Mama alikuja na fimbo yake, akawaangalia kwa muda, akasema ni kifua.

Nilijaribu mara moja, Mungu ni shahidi. Nilisema, mama, mimi naona kama ni joto.

Alinijibu bila ubaya wowote: "Mwanangu, kuku ana manyoya mwili mzima na bado anatafuta moto. Joto litamfanya nini?"

Nikasema sawa mama.

Sasa mtaniuliza, kwa nini hukubisha? Wapo mlioolewa, mnajua. Mkwe ni mkwe. Nilifundwa kwamba nyumba ya mume haijengwi kwa mdomo. Mama mzazi alinifunda hivyo, shangazi akakazia, na siku ya kuagwa wakarudia mbele ya watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimelisikia hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Basi nikaenda dukani mimi mwenyewe nikanunua antibayotiki ya kuchanganya kwenye maji. Siku ya tatu hakuna nafuu, mama akaongeza shubiri. Maji yakawa machungu, kuku wanaonja wanatikisa kichwa wanaacha. Kiumbe anayekufa kwa kiu ya joto, nimemwekea maji asiyoweza kuyanywa. Nilikuwa nayaweka kwa mkono wangu kila asubuhi na moyoni najua.

Usiku nikawa nawaza nimwambie mume wangu kwenye simu. Kila nikitaka kuanza naona nitaonekana namsema mama yake kwa siri. Naishia kumuuliza kama amekula.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Tangu asubuhi kulikuwa na upepo ule wa Same wa moto, unaokuja na vumbi. Kuku wanne tulikuwa tumewakuta wamekufa. Mama alipoona vile vifo na ule upepo, akaunganisha. Akasema huu upepo ndio unaoingia vifuani, leo tuwafukize kabla haujawamaliza wote.

Saa saba mchana, wakuu.

Mimi ndiye niliyekwenda kuchuma mkaratusi. Mimi ndiye niliyechemsha. Mimi ndiye niliyeshusha maturubai pande zote mbili, na mimi ndiye niliyebeba lile sufuria kubwa la kupikia sherehe nikaliingiza katikati ya banda, juu ya jiko lenye mkaa, nikafunua mfuniko. Nilipotoka, nguo yangu ilikuwa imelowa mgongo mzima, na nilikaa mle kwa dakika chache tu.

Mama akakaa kwenye kiti kivulini. Mimi nikasimama mlangoni mwa banda.

Mwanzoni kulikuwa na fujo. Mbawa, kelele, wanagonga wavu. Nikamwangalia mama, akanionyesha kwa mkono kwamba tusubiri. Kelele zikapungua kidogo kidogo. Halafu pakawa kimya.

Mama akasema, "Unaona? Wametulia."

Ule utulivu niliujua maana yake. Mwili wangu wote ulikuwa unaniambia vuta turubai. Na bado nilisimama nikimsubiri mzee aseme tayari. Siwezi kuwaambia ilikuwa dakika ngapi, sikuwa na saa, na sitaki kubuni.

Mwishowe nilivuta bila kuambiwa. Walikuwa wamerundikana ukutani upande ule wenye nafuu ya kivuli, safu juu ya safu, shingo zimenyooka. Wa chini walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa, wa juu kwa joto. Waliobaki hai walikuwa hawawezi kusimama.

Tuliwatoa. Mama naye aliingia, na yale magoti yake, anatambaa anavuta kuku kwa miguu anawapeleka kivulini. Nilikuwa nawatumbukiza miguu kwenye beseni la maji, nawalowesha kichwani, wengine walifumbua macho wengine wakanifia mkononi. Kuku anapokufa hivyo ni wa moto kama chungu kilichotoka jikoni.

Walikuwa mia na kumi na nne asubuhi ile baada ya wale wanne kufa. Waliobaki ni arobaini na saba.

Jirani akampigia dada wa mifugo wa kata. Alifika kwenye saa kumi kwa bodaboda. Akapasua kuku mmoja pale pale uani. Nyama ya kidari ilikuwa imepauka kama imechemshwa nusu. Akatuonyesha.

Baadaye akaeleza, na nitawaandikia kama nilivyomsikia maana ndiyo faida ya uzi huu.

Kuku hana jasho. Joto lake lote analitoa kwa kutweta, ule unyevu wa kooni ukikauka anapoa. Ndiyo maana anakunywa sana, na ndiyo maana anaacha kula, maana chakula nacho kinamuongezea joto mwilini. Akitweta siku nyingi hata ganda la yai linakosa nguvu. Huyo si mgonjwa wa kifua, huyo anapigana abaki hai. Sasa ukimjazia mvuke bandani, kutweta kunakuwa kazi bure, unyevu hauna pa kwenda. Na hao kuku wamekaa wiki mbili wanateseka kabla ya leo, akasema. Hilo la wiki mbili ndilo lililonichoma zaidi, kwa sababu kifo ni siku moja.

Halafu akauliza, kwa sauti ya kazi tu, nani alifunga banda.

Mama alikuwa amekaa chini, mikono imejaa manyoya. Hakuinua macho.

Nikasema ni mimi.

Dada wa mifugo akanitazama, akaandika kwenye daftari lake, akasema siku nyingine uliza kwanza. Nikasema sawa.

Mume wangu alirudi jioni ya siku iliyofuata. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Aliniuliza swali moja: wewe umezaliwa Makanya, hukujua joto? Nikamtengea maji ya kuoga. Mama alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, anasikia.

Nikawa mtu aliyeua kuku. Shangazi yake mume alipiga simu kutoka Chome kunipa pole, na ndani ya pole akaniambia mama angekuwa na nguvu zake hayo yasingetokea. Nikasema kweli shangazi. Getini wanawake waliacha kuita. Habari za banda kubwa hazikuzungumzwa tena.

Nitasema ukweli nilioahidi. Nilianza kumchukia yule mama. Naamka namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, natenga chai, na ndani ya moyo nasema wewe unajua na mimi najua. Nilikuwa najiona nimemfanyia wema mkubwa, na ule wema ulikuwa unanitafuna. Yeye naye chakula alikuwa anagusa tu. Wiki mbili nyumba nzima ilikuwa inaongea habari za chumvi na maji ya kuoga tu.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa mezani watatu. Mtoto wetu Neema alikuwa amebaki kwa wenzake. Mama akaweka kijiko chini, akamwambia mwanaye kwamba lile turubai aliagiza yeye. Sufuria aliagiza yeye. Mke wako alibeba tu.

Machozi yakanijia. Nikajua sasa zamu ya shukrani imefika, labda na pole. Nikawa namtafutia maneno ya kusema usijali mama.

Akanigeukia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoanza kutweta."

Alikuwa anakunja kitambaa chake. Hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo.

"Ungenibishia ningenuna siku mbili," akasema. "Kuku wangekuwepo."

Nikamwambia mama, ilikuwa ni heshima.

"Heshima gani ya kuniacha mimi, mtu mzima, niwapike viumbe wa watu wakiwa hai huku unaniangalia? Halafu unanibebea kosa langu kama mtoto aliyejikojolea. Mimi niliua kwa kutojua. Wewe usiniambie ni heshima."

Akanyanyuka na fimbo yake akaenda kulala. Mume wangu akatoka nje, nikasikia anapanda juu ya banda anagonga bati. Alikuwa anang'oa misumari.

Wakuu, nimesemwa mengi maishani, hakuna lililonifikia kama lile. Kwa sababu ni kweli. Sikunyamaza kwa ajili yake, nilinyamaza ili nisionekane mkwe mwenye mdomo. Jina langu zuri liliwagharimu wale ndege wiki mbili za mateso na kifo kibaya kuliko nilivyoweza kukiandika hapa.

Banda sasa limebadilika. Paa limeinuliwa, juu ya bati tumeweka nyasi, ukuta umekatwa mpaka magotini na kote kulikobaki ni wavu. Chakula wanapewa alfajiri na jioni, mchana hatuwasumbui hata kwa kuokota mayai. Maji ya mtungini yanabadilishwa kila yakipata moto, na hayatiwi kitu. Upande wa jua la alasiri tumefunga shuka kuukuu, tunalilowesha upepo ukianza. Arobaini na saba wale wapo, wanataga, ganda limerudi kuwa gumu. Kuku akitweta sasa simpi dawa kwanza, natafuta joto linatoka wapi.

Hayo ya banda ni mepesi, yeyote humu anaweza kuwafundisha vizuri kuliko mimi.

Lililonishinda ni hili. Mama tulishasameheana, alinishika mkono mwenyewe akasema yaishe. Na tangu siku hiyo ananiuliza mimi. Kweli anauliza, anataka jibu. Juzi mchana alikuwa amesimama kwenye wavu, akasema, mama Neema, leo tulishushe lile shuka au tuliache?

Ilikuwa wazi lishushwe. Jua lilikuwa limewafikia miguuni. Na mdomo wangu wenyewe, wakuu, ukajibu, "Mama, wewe unaonaje?"

Alinitazama tu. Akaenda akalishusha mwenyewe, taratibu, na magoti yake yale, mimi nimesimama.

Nimeweka uzi. Wenye kuku waulize ya kuku, nitajibu ninachokijua. Ila wanawake wenzangu mliofundwa kama mimi, na mkaweza baadaye kumwambia mkubwa "hapana, hii siyo", naomba mniandikie hapa chini neno la kwanza mlilitoaje.